Kiingereza cha watoto wetu kipimwe hapa nyumbani

Tangu nistaafu ualimu, wazazi wa hapa Morogoro wananiletea swali moja kuliko mengine yote. "Mwalimu, huyu mtoto kafundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, kamaliza cha sita, kafaulu. Sasa kapata chuo Uingereza, wanamwambia akafanye mtihani wa Kiingereza. Hivi miaka sita yote hiyo alikuwa anasoma kwa lugha gani?"

Wanauliza kwa uchungu, na wana haki. Mtihani wenyewe si bure. IELTS, unaojulikana zaidi huku kwetu, ada yake inazidi dola 200, na TOEFL ya Wamarekani haiko mbali na hapo. Kabla ya ada kuna pasipoti, kwa kuwa ndicho kitambulisho kinachotakiwa, nayo ni shilingi 150,000. Kuna nauli ya kwenda kwenye kituo cha mtihani, mahali pa kulala usiku wa kuamkia mtihani, na tuisheni kwa anayeweza kuilipia. Mkulima wa mpunga wa Turiani akipiga hesabu ya yote hayo anakuta ameshauza magunia aliyoyaweka kwa ajili ya ada za wadogo zake huyo mwombaji. Na matokeo yakishatoka, vyuo vinayapokea kwa miaka miwili tu. Mwenye matokeo mazuri akikosa ufadhili mwaka huu na mwaka ujao, anarudi kulipa upya, hata kama katika miaka hiyo miwili alikuwa darasani anafundisha kwa Kiingereza kila siku.

Nimewaandaa vijana kwa mitihani hii kwenye baraza ya nyumba yangu, na najua wanakoangukia. Watu wengi wanadhani shida ni misamiati migumu. Hapana. Kusoma wanasoma vizuri, hasa waliotoka mchepuo wa sanaa. Shida inaanza pale sauti inapotoka kwenye spika. Sehemu ya kwanza ya kusikiliza kwenye IELTS mara nyingi ni mazungumzo ya kawaida kabisa: mtu anapiga simu kupanga chumba au kujiandikisha kwenye klabu. Anataja jina lake la ukoo herufi kwa herufi, kisha namba ya simu, kisha anwani. Hapo ndipo watoto wetu wanapomwaga alama. Mtoto aliyejifunza a, e, i, o, u kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza anasikia "ii" na mkono wake unaandika i, kumbe Mwingereza ametaja e. Anasikia "ei", anaandika e, kumbe ni a. Namba nayo inasomwa kwa "dabo": dabo tatu, dabo saba. Wakati yeye bado anajiuliza hiyo dabo ni namba gani, sauti imeshafika kwenye jina la mtaa, na haichezwi mara ya pili. Jibu likiandikwa na kosa la herufi moja halina alama. Haya yanarekebishika kwa mazoezi ya wiki chache, lakini hakuna mahali popote katika miaka sita ya sekondari ambapo mtoto wa shule ya kata amewahi kukaa na kupimwa kusikiliza.

Kuongea nako kuna mambo yake. Ni mazungumzo ya ana kwa ana na mtahini, ya dakika 11 hadi 14. Katikati yake unapewa kadi yenye mada, unajiandaa dakika moja, kisha unaongea peke yako hadi dakika mbili. Nilikuwa na binti wa Kilosa, msomaji hodari, aliyekuwa akijibu kila swali langu la mazoezi kwa maneno matatu na macho yakiwa mezani. Kwao mtoto anayemjibu mkubwa maneno mengi anaambiwa anajibizana. Ilibidi nimwambie waziwazi: "Mwanangu, mle ndani ukinyamaza hawahesabu kuwa ni heshima, wanahesabu kuwa huna la kusema." Tulichukua muda mrefu zaidi kuliko tuliochukua kwenye sarufi, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la sarufi. Kwenye TOEFL hali ni tofauti tena: huongei na mtu, unaongea na kompyuta, na watahiniwa wenzako chumbani nao wanaongea na za kwao kwa wakati mmoja. Kijana asiyezoea anapandisha sauti, kisha anapoteza mtiririko kwa kumsikiliza jirani.

Na kuna ule mtihani wa Duolingo unaofanyiwa nyumbani mbele ya kamera, ambao ulipata nguvu vituo vilipofungwa wakati wa korona mwaka 2020. Ni nafuu, haufiki dola 100, na vyuo vingi vya Marekani vinaukubali. Unadai chumba kitulivu, kompyuta nzuri, intaneti isiyoyumba, na macho yasitoke kwenye kioo. Mwenye vitu hivyo na ajaribu. Anayeishi chumba kimoja na wadogo zake, umeme ukienda na kurudi, bando likiisha katikati, aufikirie mara mbili.

Pamoja na yote hayo, siwezi kuwaambia wazazi kwamba mitihani hii ni ulaghai. Nimeisoma, nimeifundisha, na naiheshimu kama kazi ya kitaalamu. Inapima stadi zote nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Mtu anayepata 7 kwenye IELTS anaweza kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara na kufuata. Chuo kina sababu ya kutaka kujua hilo kabla ya kumpokea kijana anayesafiri kutoka mbali kwa fedha za kukopa.

Hapa nauleta ule upande wa jibu ambao wazazi hawaupendi. Kusema "mtoto kasoma kwa Kiingereza" si ushahidi kwamba anakijua Kiingereza, na sisi walimu ndio tunaojua hivyo kuliko mtu yeyote. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, kwa sababu wanafunzi hawakuwa wakielewa. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima shule zetu, wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kufuata masomo. Hata hivyo walipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, na kuanzia 1987 ukaletwa mradi wa Waingereza wa kuinua ufundishaji wake. Mimi nilianza kazi mwishoni mwa muongo huo, na nayakumbuka maboksi ya vitabu vya hadithi vya mradi ule: vyembamba, vya rangi, vimepangwa kwa ngazi. Wanafunzi waliviazima hadi majalada yakachanika. Yalikuwa mambo mazuri. Lakini mradi ukaisha, na mwalimu wa jiografia akaendelea kueleza volkano kwa Kiswahili na kuandika ubaoni kwa Kiingereza, kama anavyofanya hadi leo, kwa sababu anataka watoto waelewe. Namuunga mkono. Ila mtoto huyo akifika mbele ya mtahini wa IELTS, miaka yake sita ya Kiingereza ni miaka ya kunakili ubao.

Kwa hiyo sijiungi na wanaosema tu "tufutiwe mtihani". Nataka Kiingereza kipimwe, lakini swali langu ni nani anapimwa, nani halipi, na kwa nini.

Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi Kiingereza: Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Malta, na visiwa na nchi kadhaa za upande wa Karibiani kama Jamaika, Barbados, Trinidad na Guyana. Hakuna hata nchi moja ya Afrika bara. Si Nigeria, si Ghana, si Kenya, si Uganda, si Zimbabwe, nchi ambazo bunge lao, mahakama zao na vyuo vyao vinaendeshwa kwa Kiingereza. Kigezo ni kwamba wengi wa wananchi wawe na Kiingereza kama lugha yao ya kwanza. Mnigeria mmoja, Ebenezar Wikina, alianzisha kampeni mwaka 2021 kupinga jambo hilo, na vijana wengi wa kwao wakamfuata. Nilifurahi kuona mtu amesema. Lakini kwa nchi yangu siombi nafasi kwenye orodha ile kwa kigezo kile. Ili Tanzania iingie, watoto wa Uluguru na wa Usukuma ingebidi waamke wakiongea Kiingereza na mama zao. Hilo silitaki, hata kwa viza ya dunia nzima. Tunacho Kiswahili, tunacho Kiluguru, na Kiingereza ni lugha tunayojifunza. Kujifunza lugha ya pili vizuri ni jambo la kupimwa na kuheshimiwa, si upungufu wa kutolewa udhuru.

Kinachoniuma zaidi kiko hapa hapa nchini. Mtoto aliyesoma shule ya kimataifa Dar es Salaam au Arusha, akafanya IGCSE ya Cambridge, akiwa na alama nzuri ya Kiingereza vyuo vingi vya Uingereza havimuulizi IELTS. Cheti chake cha shule kinatosha. Mzazi wake ameshalipa ada ya mamilioni, na pale mlangoni anaachiwa ile ada ya mtihani. Mtoto wa shule ya kata ndiye anayeambiwa atafute dola 200. Mwenye nacho anapita bila kulipa, na asiye nacho analipia kuthibitisha kwamba amejifunza bila vitabu, bila maabara ya lugha, akiwa na mwalimu mmoja kwa wanafunzi wa mikondo yote.

Wanaotetea masharti makali wanataja udanganyifu, na si hoja ya kupuuzwa. Februari 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha watu wakikaa mtihani wa Kiingereza kwa niaba ya waombaji wa viza, na majibu yakisomwa kwa sauti ndani ya chumba. Mtihani ulikuwa TOEIC wa shirika la Marekani la ETS. Kwa mujibu wa ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ya mwaka 2019, katika mitihani 58,458 iliyofanywa kati ya 2011 na 2014, ETS ilisema asilimia 97 ilitia shaka: zaidi ya nusu ikaitwa batili na mingine ikaitwa yenye mashaka. Maelfu ya wanafunzi wakafutiwa viza. Wapo waliodanganya kweli, na wapo waliopoteza masomo, fedha na heshima kisha wakashinda rufaa miaka mingi baadaye. Ninachoomba wasomaji wakiangalie ni mahali: mitihani hiyo ilifanyika ndani ya Uingereza, vituo vilivyorekodiwa vilikuwa London. Kwa hiyo anayeniambia kwamba cheti cha Tanzania hakiaminiki kwa sababu ya wizi wa mitihani, namkumbusha kwamba wizi ulitokea pia kwenye mtihani wa shirika kubwa lenye kila mtambo. Uaminifu wa mtihani unajengwa na usimamizi, popote unapofanyika.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi, na mawakala wa vyuo hawana haraka ya kuwaambia. Kwa masomo ya shahada, vyuo vikuu vya Uingereza vimeruhusiwa na serikali yao kupima vyenyewe Kiingereza cha mwombaji, mradi vijiridhishe kwamba amefikia kiwango kinachoitwa B2. Sheria ya viza haimlazimishi kila mwombaji wa shahada kufanya IELTS. Chuo ndicho kinachoamua. Vipo vinavyokubali alama nzuri ya Kiingereza ya KCSE ya Kenya, vipo vinavyokubali WASSCE ya Afrika Magharibi, vipo vinavyokubali barua ya chuo ulichosoma inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza wenyewe umeliondoa sharti la mtihani wa Kiingereza kwenye maombi yake na kuviachia vyuo. Marekani na Kanada nako, chuo hadi chuo, kuna misamaha.

Kwa hiyo kijana yeyote anayekuja barazani kwangu kabla hajalipa chochote namketisha aandike barua pepe kwa ofisi ya udahili. Fupi, ya adabu, yenye maswali matatu: Je, mnakubali alama yangu ya Kiingereza ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania)? Je, mnakubali barua ya shule au chuo changu kuhusu lugha ya kufundishia? Kama hamkubali, ni mitihani gani mnapokea, na mnaweza kunipa nafasi kwa masharti kwanza, nifanye mtihani baadaye? Hilo swali la mwisho limewaokolea watu fedha nyingi. Kijana anapata kwanza barua ya chuo mkononi, anaomba ufadhili nayo, na mtihani anaulipia akishajua kwamba kuna safari. Wengi wanafanya kinyume: wanaanza na mtihani, wanamaliza akiba, kisha nafasi inakosekana.

Lakini barua pepe ya kijana mmoja mmoja haiwezi kufanya kazi ya taifa. Mtihani wetu wa Kiingereza wa kidato cha nne ni karatasi ya kuandika ya saa tatu. Hausikilizi, hauongei. Ofisa wa udahili wa Chuo Kikuu cha Leeds akiuliza kama mwenye alama B ya NECTA anaweza kufuata mhadhara na kuchangia kwenye semina, cheti chetu hakina jibu, kwa sababu hakikumuuliza. Wenzetu wa Afrika Magharibi wana karatasi ya tatu kwenye Kiingereza cha WASSCE inayogusa lugha ya kusikia na kutamka, na wanayo hoja ya kuweka mezani. Sisi tunaitisha heshima kwa cheti ambacho nusu ya stadi hakikuzipima.

Ninachokitaka ni hiki: Baraza la Mitihani liongeze kusikiliza na kuongea kwenye mtihani wa Kiingereza, kuanzia kidato cha sita kisha kidato cha nne. Kisha Wizara ya Elimu na balozi zetu zichukue mtihani huo na kuupeleka kwa vyuo vya nje, chuo kwa chuo, pamoja na sampuli za karatasi, za rekodi na za usahihishaji, vione vyenyewe kiwango cha B2 kinaangukia kwenye alama gani ya kwetu. Kazi hiyo ikifanyika mara moja, kila mtoto atakayefuata atapita nayo bila kulipa dola.

Nimeshaambiwa haiwezekani, shule ni nyingi mno. Mbona kemia inawezekana? Kila mwaka mitihani ya vitendo ya fizikia, kemia na baiolojia inafanyika hadi kwenye shule za kata. Asidi inafika, chumvi zinafika, maelekezo yanafika kwenye bahasha zilizofungwa, na mwalimu wa maabara anahangaika na mabomba hadi vyombo viwe tayari. Kusikiliza kunahitaji spika moja na rekodi moja. Kuongea kunahitaji walimu wawili kutoka shule jirani, si wa shule ile ile, kinasa sauti, na dakika kumi kwa kila mtahiniwa. Rekodi zinapelekwa, na wasimamizi wanachagua baadhi na kuzisahihisha upya bila kujua mtoto ni wa nani. Mwalimu aliyempendelea mpwa wake atajulikana.

Kuna faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko viza. Kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa. Siku kuongea kutakapokuwa na alama, mwalimu wa kidato cha pili ataacha kuandika kanuni za sarufi ubaoni kipindi kizima, atawapanga watoto wawili wawili na kuwaacha waongee. Kelele zitasikika hadi ofisini kwa mkuu wa shule. Watoto wengi hawatakwenda Uingereza wala Marekani kamwe, na Kiingereza hicho watakitumia kwenye hoteli za Mikumi, kwenye maduka ya Kariakoo wanapoagiza mzigo Guangzhou, kwenye vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha.

Gharama itakuwepo. Wasahihishaji watalipwa, vinasa sauti vitanunuliwa, walimu watasafirishwa. Ila fedha hizo zitabaki kwa walimu wetu, wakati leo tunazituma nje kwa ada za watahiniwa, wengine wakirudia mtihani kwa sababu ya nusu alama kwenye kuandika.

Wizara ianze kwa majaribio na mikoa iliyo mbali na vituo vya mitihani ya nje, Kigoma na Rukwa kwa mfano, ambako kijana akitaka kufanya IELTS anahesabu kwanza siku za basi. Kuhusu watahini wa kuanzia, wasihofu. Walimu wastaafu wa Kiingereza tumejaa katika kila mkoa, masikio yetu yamezoea lafudhi za watoto wa kila kabila. Mimi wakinipigia simu leo kwenda Sumbawanga, nitapanda basi la alfajiri.